Siku Moja Lisbon Mkiwa Wawili: Yanayosemwa na Tuliyoyakuta

Ukisema unampeleka mwenzio Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kila mtu ana la kukuambia. Mimi na mke wangu tulipewa ushauri mwingi, na mwingine nusura utuharibie siku pekee tuliyokuwa nayo mjini humo.

Tuliambiwa kwamba asiyepanda tramu namba 28 hajaiona Lisbon. Ile tramu ya njano inapendeza kweli, mabehewa yake ni ya miaka ya 1930, na inapenya vichochoroni ukahisi ukinyoosha mkono utagusa ukuta. Lakini kituoni Martim Moniz foleni huwa ndefu, ndani watu wamebanana, na wachomoaji wanaijua sana njia hiyo. Tembeeni kwa miguu Alfama, mtaa wa kale ambao tramu hiyo hupitia. Vaeni viatu vinavyoshika, maana vijiwe vya njiani vimesuguliwa na nyayo vikawa laini kama kigae, na mvua ikinyesha vinateleza. Jina Alfama lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto. Mzizi ni ule ule uliotupa sisi hamamu.

Wengi hudhani mji mzima ni wa kale vile. Sivyo. Novemba 1, 1755 tetemeko kubwa liliupiga, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto. Sehemu kubwa ya Alfama ilisalimika. Mtaa wa Baixa uliteketea, na zile barabara zake zilizonyooka zilichorwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Pandeni hadi Carmo mkaone kanisa lililobaki bila paa: nguzo zimesimama, matao yamekutana juu, na katikati yake ni mbingu tupu.

Mezani ndipo tulipokosea. Tulipokaa tu, tuliletewa mkate, jibini na zeituni. Kwa malezi yetu, ukiandaliwa kitu kabla hujaagiza unajua umekirimiwa, kwa hiyo tukala tukashukuru. Bili ilipokuja kila kimoja kilikuwa na bei yake. Wareno wanakiita couvert, na sheria yao inakataza kukulipisha usichoagiza wala kukigusa. Kwa hiyo rudisheni bila haya. Mume atasema "não, obrigado", mke atasema "não, obrigada", kwani neno hilo hufuata jinsia ya anayesema, si ya anayeambiwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba bacalhau, samaki ambaye Mreno hajivunii chakula kingine kama yeye, huvuliwa pwani ya Ureno. Huyo ni chewa wa bahari za baridi, kama za Norwe na Aislandi. Hutiwa chumvi, hukaushwa hadi akakauka kama ubao, kisha hulowekwa siku nzima au zaidi huku maji yakibadilishwa. Aliyewahi kuosha ng'onda wa papa ataelewa mara moja. Sisi tulikula bacalhau à Brás: amechambuliwa nyuzinyuzi, akachanganywa na vitunguu, mayai na viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti vikakaangwa. Usiku msiwahi sana, majiko mengi hufunguliwa saa moja na nusu au saa mbili.

Alasiri tulikwenda mtaa wa Belém, katika monasteri ya Jerónimos. Karibu na mlango wa kanisa kuna kaburi la Vasco da Gama, na hapo utasikia waongozaji wa wageni wakisema aligundua njia ya kwenda India. Mtu wa pwani yetu hana sababu ya kuitikia tu. Vyombo vya Waarabu, Wahindi na Waswahili vilikuwa vikivuka bahari ile kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla yake. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, mfalme wa pale akampa rubani, wakang'oa nanga Aprili 24 na kufika karibu na Calicut, pwani ya India, Mei 20. Kurudi hakungoja kaskazi ishike. Wakahangaika baharini karibu miezi mitatu, kiseyeye kikaua mabaharia wengi, na walipoifikia tena Malindi wakaomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao.

Na sisi wenyewe tuna letu la kusahihisha. Tumezoea kusimuliana kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, Mwarabu bingwa wa elimu ya bahari. Wanahistoria wa leo hawakubali. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja Mgujarati waliyemwita Malemo Cana, na "malemo" si jina la mtu: ni muallim, mwalimu wa chombo. Nilimweleza mke wangu hayo tukiwa tumesimama pale kaburini, naye akaniuliza mbona jina la mwalimu halikuchongwa popote.

Mchana kutwa tulikuwa tukisikia maneno yetu vinywani mwa watu, au tuseme yao yaliyobaki kwetu: mesa ni meza, vinho ni mvinyo, lenço ni leso, na igreja, kanisa, ndilo lililotupa gereza.

La mwisho ni fado, nyimbo za Wareno. Usidhani ni muziki wa kusindikiza chakula huku mkipiga soga. Katika taarabu mtu huinuka akamtunza mwimbaji, tena anacheza akienda. Kwenye fado hainuki mtu. Taa zilipunguzwa, mama mmoja aliyejitanda shali nyeusi akafumba macho, gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 likaanza, na ukumbi mzima ukanyamaza. Mhudumu aliyekuwa analeta supu yetu alisimama mlangoni na bakuli mbili mkononi, mvuke ukipanda, hadi beti ya mwisho ilipokwisha. Ndipo akaja akatutengea.