John Simmons na kompyuta iliyozaliwa kwa wauza chai

Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara ilitoka kwa waoka mikate. Kampuni yao, J. Lyons & Co. ya London, iliuza chai, keki na mikate katika migahawa yake mingi. Faida ya kikombe kimoja ni ndogo mno. Makarani wakikosea hesabu, faida imekwenda.

Mwaka 1923 kampuni hiyo ilimwajiri John Simmons, kijana aliyesomea hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kwa zaidi ya miaka ishirini alishughulika na makaratasi tu: fomu hii inaenda kwa nani, na asipoipata, nini kitaharibika? Sisi tunaofundisha mifumo ya taarifa tungependa kila meneja anayetaka kununua programu aanze na swali hilo.

Mwaka 1947 wasaidizi wake wawili, Thompson na Standingford, walikwenda Marekani kutazama mbinu za ofisi. Huko wakaambiwa kwamba Cambridge, nyumbani kwao, mwanasayansi Maurice Wilkes alikuwa akiunda kompyuta. Lyons ikamchangia pauni 3,000 na fundi mmoja. Mashine ya Wilkes ilipofanya kazi mwaka 1949, Lyons ikaunda ya kwake kwa kufuata mfano huo, chini ya mhandisi John Pinkerton. Ikaitwa LEO, kifupi cha Lyons Electronic Office, yaani ofisi ya kielektroniki ya Lyons. Kumbukumbu yake ilihifadhiwa kama mawimbi ya sauti yaliyopita ndani ya mirija ya zebaki.

Mwishoni mwa 1951 LEO ilianza kupiga kila wiki hesabu za thamani ya bidhaa za kiwanda cha mikate. Ikafuata mishahara: hesabu ya mfanyakazi mmoja, iliyomchukua karani dakika 8, LEO iliimaliza kwa sekunde 1.5.

Lakini kazi ninayoiheshimu zaidi ni ya oda za migahawa. Zamani kila msimamizi alijaza upya orodha nzima ya mahitaji yake. Watu wa Simmons waligundua kuwa siku nyingi oda hubadilika kidogo tu. Basi kila mgahawa ukawekewa oda ya kudumu, na msimamizi akawa anapiga simu kutaja mabadiliko peke yake: keki ziongezwe, mikate ipunguzwe. Karani akasikiliza huku akitoboa kadi ambazo matundu yake yalisomwa na mashine, kadi zikaingia kwenye LEO, na mashine ikatoa orodha za kufungasha mzigo wa kesho.