Kufukuzia flashi meza ikiwa imejaa

Meza nyingi za poka ninazokaa hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Capri Point, zina tabia moja: watu hawatupi karata. Mtu akipewa mbili za alama moja, hata kama ni 3 na 8 za pau, anaona uchungu kuziacha. Kwa hiyo flopu, zile karata tatu za mwanzo mezani, inafunguliwa watu wanne au watano wakiwa bado wamo. Mafundisho mengi ya holdemu isiyo na kikomo (poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, unabeti kiasi chochote ulichonacho) yanachukulia kwamba umebaki na mpinzani mmoja. Ukiyaleta kama yalivyo kwenye meza zetu, flashi, yaani karata tano za alama moja, itakumaliza.

Tuanze na hesabu, maana haina ubishi. Mkononi una kopa mbili, mezani zipo kopa mbili. Katika karata 52 umeshaziona tano. Zimebaki 47, na 9 kati ya hizo ni kopa. Uwezekano wa kopa kutua kwenye karata ya nne ni asilimia 19. Ukijumlisha na nafasi ya karata ya tano unafika asilimia 35. Hiyo 35 ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu ni yako tu endapo utaziona karata zote mbili bila kudaiwa tena katikati. Kama unalipa raundi kwa raundi, namba yako ni 19.

Sasa bei. Tuseme poti, lile fungu linalogombewa, ina vizibo 100 (sisi tunachezea vizibo vya soda, ya pesa tunawaachia wenye kasino na leseni zao za Bodi ya Michezo ya Kubahatisha). Mtu anabeti 50. Mkiwa wawili tu, unalipa 50 kugombea 150. 50 yako ni robo ya 200 zitakazokuwemo, kwa hiyo unahitaji asilimia 25, wewe una 19. Hailipi, labda uwe na hakika ya kumkamua baadaye. Lakini wawili wengine wakiwa wameshalipa kabla yako, unalipa 50 kugombea 250. Unahitaji kama 17 hivi, na 19 unazo.

Hapo watu wanafurahi na kuacha kufikiri. Pale soko la samaki la Mwaloni, sangara akishuka bei ghafla, mnunuzi mzoefu anafunua mashavu kwanza. Wewe nawe jiulize ni nani waliokushushia bei. Ni wale wale waliolipa 50 mbele ya kopa mbili mezani, na hawakulipa kwa upendo. Mmoja wao akiwa na kopa mbili mkononi, zilizobaki kwako ni 7 katika karata 45, chini kidogo ya asilimia 16, na ile bei iliyohitaji 17 imeshakuwa mbaya. Tena kopa ikitua, mwenye kubwa ndiye anayebeba. Ukishika 7 na 6, utakuwa unashinda poti ndogo na kupoteza zile kubwa.

Kuna anayeniambia jambo hilo ni nadra. Kwa mpinzani mmoja aliyepewa karata ovyo ni kweli: kopa yako ikishatua, uwezekano kwamba naye ana mbili ni asilimia 2.7. Zidisha kwa wapinzani wanne, unakaribia 11. Lakini waliobaki hawajabaki ovyo. Wamechagua kubaki, na kwenye meza ambayo alama moja inatosha kumshikilia mtu, hiyo 11 ni ndogo kuliko hali halisi.

Halafu si kopa zote 9 ni safi. Flopu ikiwa K ya pau, 9 ya kopa na 4 ya kopa, basi K ya kopa inakupa flashi na papo hapo inampa fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine, inayoipiga flashi) yule aliyekuja na 9 mbili. Hesabu 8. Na hata ikitua kopa safi, huyo mwenye 9 tatu bado ana karata 10 katika 44 za kukupindua mwishoni, karibu asilimia 23. Kadiri watu wanavyozidi, ndivyo uwezekano wa mmoja wao kushika kitu cha namna hiyo unavyozidi.

Mwenye A ya kopa yuko kwenye mchezo mwingine kabisa (au K, ikiwa A ya kopa iko mezani). Yeye anautaka umati. Watu watano wakiweka 100 kila mmoja, fungu la haki ni asilimia 20, naye ana karibu 35. Hata ukikata kidogo kwa ajili ya fulu hausi, anaingiza faida kwa kila kizibo kinachoingia. Akiwa wa mwisho kuamua, baada ya wengine kulipa, apandishe: aliyeshatoa 50 mara nyingi anaongeza. Lakini aliyebeti akiwa kuliani kwake na wengine bado hawajaamua, alipe tu kimya. Akipandisha hapo atawafukuza wateja.

Kutishia kwa flashi isiyokamilika, yaani kubeti ili wengine watupe karata, mimi naliacha kwa poti za watu wawili. Tuseme kila mmoja anakimbia mara 6 kati ya 10, ukarimu ambao sijauona Kirumba. Mbele ya watatu, wote kukimbia ni asilimia 22 tu. Mbele ya wanne, 13.

Nikifukuzia flashi ambayo karata yangu kubwa ni J au chini yake, mbele ya wapinzani watatu au zaidi, mimi natupa, isipokuwa kama karata zile zinafukuzia pia tano za kufuatana, au beti ni ndogo na hakuna wa nyuma yangu anayeweza kupandisha. Nikiwa katikati ya meza, bei ninayoiona bado si bei nitakayolipa.

Ikitokea umeipata flashi ndogo na watu wanne bado wapo, beti kiasi, na usimpandishie aliyekupandishia. Kopa ya nne ikitua mezani, acha kubeti kabisa. 7 yako inapigwa na yeyote mwenye kopa moja tu kuanzia 8.