Bata hatagi kidogo, inategemea ni bata gani

Mbagala, Chanika, hata Kigamboni utaambiwa: bata ni wa nyama, mayai hana. Kauli hii imetokana na aina moja tu ya bata, yule tuliyemzoea uani, aitwaye Muscovy: mwenye nyama nyekundu zenye vinundu usoni, asiyelia "kwak" bali hupumua kwa sauti kama ya tairi linalotoa upepo. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Ana kucha kali, hupanda ukutani, na dume huweza kufika karibu mara mbili ya uzito wa jike. Huyu kweli hutaga kwa awamu, mayai kumi na kitu, kisha anayalalia siku 35. Akilala, utagaji umesimama.

Lakini Pekin, bata mweupe wa mdomo wa rangi ya chungwa, ni ukoo mwingine kabisa. Mayai yake huanguliwa kwa siku 28, na jike aliyetunzwa vizuri hutaga 150 au zaidi kwa mwaka. Khaki Campbell, wa rangi ya kahawia, anaweza kukaribia 300, akiwapita kuku wengi wa kienyeji kwa mbali. Majike wa aina hizi mara nyingi hawana hamu ya kulalia, kwa hiyo tafuta mashine au kuku mlezi. Madume yao wana unyoya uliojikunja juu ya mkia.

Rangi ya yai isikudanganye, haitambulishi aina. Na ukimchanganya Muscovy na Pekin au Khaki Campbell, watoto watakaozaliwa ni tasa: wafugie nyama.