Wafadhili, Maktaba na Maneno ya Mtaani: Dhana Potofu Kuhusu Kusaka Ruzuku

Kaa na viongozi wa asasi ndogo, iwe Morogoro au Kisumu, utasikia wimbo mmoja: pesa za wafadhili zina wenyewe. Wengine watakwambia zimeisha. Wengine watakuuzia orodha. Ni wachache watakaokwambia kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo imeshaandikwa mahali, kwa jina la aliyetoa, jina la aliyepokea na kiasi, na kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kukusaidia kusoma maandishi hayo. Watu hao ni wakutubi, yaani wataalamu wa maktaba.

“Bila konekisheni hupati kitu”

Dhana hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Lakini tuanze na historia kidogo.

Mwaka 1952 Bunge la Marekani liliunda kamati ya kuchunguza taasisi za hisani za matajiri, kwa shuku kwamba fedha zao zinawanufaisha wakomunisti. Mbele ya kamati hiyo Russell Leffingwell, mwenyekiti wa Carnegie Corporation, mojawapo ya taasisi hizo, alisema taasisi ya hisani inapaswa kuwa na mifuko ya kioo, yaani kila mtu aone kilichomo. Mwaka 1956 ikaanzishwa New York maktaba maalumu, Foundation Library Center, ya kukusanya taarifa za nani anampa nani nini. Baadaye ikaitwa Foundation Center, na mwaka 2019 ikaungana na GuideStar, shirika lililokusanya taarifa za asasi zisizo za kibiashara, zikawa shirika moja linaloitwa Candid. Wanasiasa walitaka kuzibana taasisi. Sisi wengine tukaambulia maktaba.

Leo kila taasisi binafsi ya hisani ya Marekani hujaza kila mwaka fomu ya kodi inayoitwa 990-PF, na fomu hiyo si siri. Utaikuta bure kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, na kwenye Nonprofit Explorer, tovuti ya shirika la habari la ProPublica. Kwa kuwa siku hizi fomu zinawasilishwa kielektroniki, huko ProPublica unaweza hata kuandika neno “Tanzania” au “Kigoma” ukatafuta ndani ya fomu zenyewe.

Ifungue moja uione. Kurasa za mwanzo ni mahesabu: mali, mapato ya uwekezaji, gharama. Usizikimbie, kwa sababu taasisi ya aina hii inatakiwa kisheria kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya uwekezaji wake, hivyo mali inakupa picha ya ukubwa wa mkono. Mbele kidogo kuna orodha ya wakurugenzi na wadhamini. Halafu, kuelekea mwisho, kwenye sehemu ya taarifa za ziada, kuna kijisanduku kidogo ambacho kingewaokoa watu usiku mwingi wa kuandika maandiko ya kuomba ruzuku. Kikiwa kimewekwa alama, maana yake taasisi inawapa waliochaguliwa tayari tu, na haipokei maombi yasiyoalikwa. Hapo ndipo wimbo wa konekisheni unapokuwa kweli. Kisipokuwa na alama, chini yake utakuta nani wa kumwandikia, kwa mtindo gani, mwisho lini, na vizuizi vilivyopo.

Baada ya hapo inakuja orodha ya ruzuku zilizotolewa mwaka huo: jina, anwani, hadhi ya mpokeaji, madhumuni na kiasi. Usiisome ya mwaka mmoja. Chukua ya miaka mitatu uziweke sambamba. Majina yaleyale yanajirudia kila mwaka? Basi mlango ni mwembamba. Kuna majina mapya? Waliingia kwa kiasi gani? Ukikuta wapya wote walianza na dola 10,000, andiko lako la dola 200,000 linaanza safari likiwa limechoka.

Na hata kijisanduku kikiwa na alama, usiifunge fomu. Majina ya wadhamini yapo. Majina ya asasi zinazopewa yapo, na huenda mojawapo inafanya kazi wilaya jirani na yako. Konekisheni yenyewe, ambayo watu wanaizungumzia kama uchawi, inatafutika.

“Siku hizi yote yako Google, maktaba ya nini?”

Unachokipata kwa urahisi kwenye Google ni wito wa maombi uliotangazwa, ambao umesomwa na dunia nzima na pengine umebakiza siku nne. Taasisi nyingi ndogo za kifamilia za Marekani hazina tovuti kabisa. Hazitangazi. Zinaonekana kwenye fomu zao tu, na kwenye kanzidata zinazokusanya fomu hizo.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni neno unalotafutia. Tuseme kuna kikundi cha akina mama wanaofuga nyuki Tabora. Wataandika “ruzuku za ufugaji nyuki”, wapate vitu viwili vitatu vya Ulaya, wakate tamaa. Mkutubi mzuri hatakuuliza unafanya nini pekee. Atauliza kazi yako inagusa nini. Mizinga inatundikwa kwenye miombo, kwa hiyo kuna uhifadhi wa misitu. Wanaonufaika ni wanawake, kwa hiyo kuna uchumi wa wanawake vijijini. Nyuki huchavusha mazao, kwa hiyo kuna kilimo na usalama wa chakula. Asali inahitaji vifungashio na soko, kwa hiyo kuna biashara ndogo. Hapo mada moja imekuwa milango minne, na kila mlango una wafadhili tofauti ambao hawajawahi kutamka neno nyuki. Kuvunja mada namna hii ndiyo kazi wakutubi wanayosomea. Wenyewe huita vichwa vya mada. Nashangaa kuona watu wanalipa mshauri wa miradi kwa jambo ambalo mtu wa dawati la marejeo la maktaba angelifanya bure kabla ya chai ya saa nne.

Kingine cha kuangalia: kwenye safu ya anwani utakuta Boston au Chicago, wakati kazi inafanyika Singida. Wafadhili wengi hupitishia pesa kwa shirika la Kimarekani lenye miradi huku. Kwa hiyo tafuta jina la nchi kwenye safu ya madhumuni pia, na jaribu tahajia zaidi ya moja, maana “Dar es Salaam” haiandikwi sawasawa na kila mhasibu wa Ohio. Ukimkuta mpitishaji, mgongee huyo.

Fomu hizi zina mipaka yake. Mashirika ya hisani yanayochangiwa na umma hujaza 990 ya kawaida, na kiambatisho chake cha shughuli za nje, Schedule F, hakitaji majina ya asasi za nje zilizopokea. Kinataja kanda, kama Afrika Kusini mwa Sahara, na kiasi. Kwa hao inabidi usome ripoti zao za mwaka. Pia fomu huchelewa. Taasisi inayofunga hesabu Desemba inatakiwa kuwasilisha katikati ya Mei, na ikiomba muda inasogea hadi Novemba, kwa hiyo unachosoma leo ni uamuzi wa mwaka jana au juzi.

“Mmarekani hawezi kuipa asasi ya huku moja kwa moja”

Anaweza. Sheria inampa njia mbili. Ya kwanza ni kuthibitisha kwamba asasi yako inalingana na shirika la hisani la umma la Kimarekani. Uthibitisho huo hufanywa na mtaalamu wa kodi, au kupitia NGOsource, huduma iliyoanza mwaka 2013. Anayeomba uthibitisho ni mfadhili, si wewe, lakini nyaraka zinatoka kwako: katiba, cheti cha usajili, mahesabu. Njia ya pili ni mfadhili kubeba jukumu la kufuatilia matumizi: anakuchunguza kabla, mnasaini mkataba, unaripoti, naye anairipotia IRS.

Taasisi nyingine haziutaki usumbufu huo, na ndiyo sababu zinapitia kwa wapitishaji. Hilo ni chaguo lao, si katazo. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu mtu anayeamini ni katazo haulizi swali.

Kwa Waswahili walioko Marekani kwenyewe, vyama vya Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania, hali ni rahisi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Candid ina mtandao wa mamia ya maktaba na vituo vinavyomruhusu mtu kutumia kanzidata yake ya wafadhili bila malipo akiwa ndani ya jengo. Maktaba ya umma ya Philadelphia, kwa mfano, imekuwa na kitengo kizima cha kazi hiyo. Huna haja ya kuwa profesa. Unaingia, unauliza dawati, unakaa kwenye kompyuta.

“Maktaba zetu huku hazina hizo kanzidata”

Nyingi hazina za kulipia, ni kweli. Ila ukomo wa maktaba yako si ukomo wa taarifa.

Anza na majarida ya kitaaluma. Mwishoni mwa makala nyingi, kabla ya marejeo, kuna sehemu ya shukrani au ya ufadhili: utafiti huu uligharimiwa na fulani, namba ya ruzuku fulani. Watu huiruka. Ukikusanya makala kumi kuhusu kichocho kanda ya Ziwa Viktoria, au kuhusu miombo, ukazisoma kuanzia mwisho, una orodha ya wafadhili waliothibitika kulipia mada yako katika eneo lako. Kupitia mpango wa Research4Life, vyuo, hospitali, wizara na asasi za nchi za kipato cha chini na cha kati husajiliwa na kusoma maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Sehemu yake ya afya, Hinari, ipo tangu 2002, na ya kilimo, AGORA, tangu 2003. Chuo kilicho jirani nawe huenda kimesajiliwa. Uliza maktaba yao kama mtu wa nje anaruhusiwa kuketi.

Vyanzo vya wazi navyo vipo. Uingereza ina rejista ya Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, ambako utasoma mahesabu na ripoti za wadhamini, na tovuti ya GrantNav ya shirika la 360Giving, ambako wafadhili wamechapisha ruzuku mojamoja. Kwa misaada ya serikali na mashirika makubwa, kuna takwimu za IATI, mpango wa kimataifa wa uwazi wa misaada ulioanzishwa mwaka 2008 kule Accra. Tovuti ya d-portal inakuonyesha miradi ya nchi moja moja na nani anailipia.

“Nina PDF ya wafadhili mia tano”

PDF hizo zinazozunguka WhatsApp zina umri usiojulikana. Mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafikia mwisho wa shughuli zake. Orodha ngapi bado zinaitaja ya kwanza? Taasisi za Ford, Rockefeller na Gates nazo hazikosi, ingawa kila mtu ameshazifikiria. Wafadhili watano uliowasoma kwa kina, kila mmoja na karatasi yake moja (anatoa wapi, kiasi gani, kwa nani, kwa utaratibu upi), wanakufaa zaidi ya mia tano wasiokujua na usiowajua.

Mengine ya haraka

“Lazima ulipie kusajiliwa.” Ruzuku za serikali ya Marekani hutangazwa Grants.gov, na mwombaji husajiliwa SAM.gov na kupata namba inayoitwa UEI. Usajili huo ni bure. Anayekudai dola mia kadhaa “kukamilisha” ni dalali, au mwizi.

“Kuna mfadhili atanipa mimi binafsi nianzishe biashara.” Usitegemee: taasisi binafsi za Marekani zinazotaka kumpa mtu mmoja mmoja hata fedha za masomo au safari ya utafiti zinahitaji kwanza utaratibu wao upitishwe na IRS, ndiyo maana ni chache. Anayetafuta fedha za masomo afungue faili la ufadhili wa masomo, asichanganye na la ruzuku za asasi.

“Mkutubi ataniandikia andiko.” Hataandika. Mpelekee bajeti ya kukadiria, eneo, walengwa na jina la mradi mmoja unaofanana na wako uliowahi kufadhiliwa. Hilo la mwisho ndilo litakaloharakisha kazi, kwa sababu ataanza na aliyeulipia.

“Ukishakataliwa, faili limefungwa.” Barua za kukataa ni fupi na za adabu, hazisemi kitu. Subiri fomu ya mwaka ule itoke, ufungue orodha ya ruzuku uone nani alipata, kwa madhumuni gani na kwa kiasi gani. Ukikuta wote waliopata waliomba chini ya dola 15,000 na wewe uliomba 60,000, umeshajibiwa. Ukikuta mmoja wao yuko mkoa wako, una mtu wa kumpigia simu.