Je, wajua chuo kikuu kinajuaje kama elimu yake imefika kwenye biashara?

Mwaka 1965 kule chuo kikuu cha Florida, Marekani, kocha msaidizi wa timu ya mpira wao ule wa kubeba mikononi, jamaa anaitwa Dewayne Douglas, alikuwa anapiga stori na madaktari wa chuo akawauliza swali ambalo mbele ya mkwe huwezi kuliuliza: kwa nini vijana wangu wakicheza mechi hawaendi haja ndogo? Maji wanakunywa, jua linawaka, mechi inaisha, na chooni haendi mtu.

Daktari mmoja wa figo, Robert Cade, akalibeba lile swali mpaka maabara. Kumbe maji yote yalikuwa yanaishia kwenye jasho, na chumvi inatoka nayo, kwahiyo kibofu hakipati kitu. Akachanganya maji, chumvi na sukari, ladha ikawa balaa, hainyweki, mke wake ndo akashauri waweke limao. Timu ilikuwa inaitwa Gators, kinywaji kikaitwa Gatorade, na leo ukiingia supamaketi kubwa unakikuta kwenye friji kwa rangi zote ambazo Mungu hakuziweka kwenye tunda lolote.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Mwaka 1967 kinywaji kikaingia mikononi mwa kampuni ya vyakula ya Stokely-Van Camp, hela ikaanza kuingia, chuo kikashtuka usingizini, ala, si mtu wetu huyu? Kesi ikaenda, mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakapatana chuo kichukue asilimia 20 ya mrabaha, yaani lile fungu linalolipwa kutokana na mauzo. Hiyo 20 tu imeshakiingizia chuo zaidi ya dola milioni 250. Kwa chumvi, sukari na limao!

Vyuo vingine navyo vilikuwa vinaanza kujipanga mapema, wakati Florida ilibidi wapigane mahakamani kwa kitu kilichotokea ndani ya nyumba yao wenyewe. Stanford walishafungua ofisi yao ya leseni mwaka 1970, alafu mwaka 1980 bunge la Marekani likapitisha sheria inayoitwa Bayh-Dole, kwa majina ya maseneta wawili, Birch Bayh na Bob Dole. Kabla ya hapo utafiti ukilipiwa na serikali, kwa kawaida hataza (wengi tunasema patenti, ile haki ya kumiliki ugunduzi) inakuwa ya serikali, na serikali ilikuwa nazo maelfu kabatini bila mtu wa kuzitumia. Sheria ikasema chuo kichukue umiliki, kitafute kampuni ya kuifanyia kazi, na mgunduzi apate fungu lake.

Inavyoenda ni hivi. Profesa akigundua kitu haendi kwanza kutangaza kwenye mkutano, anajaza fomu anapeleka ile ofisi. Wao wanaangalia kama kina soko, wanaomba hataza, wanatafuta kampuni, kampuni inalipa leseni. Au kama hakuna kampuni inayotaka, wanaanzisha kampuni mpya na chuo kinachukua hisa badala ya keshi. Hela ikirudi inagawanywa, Stanford kwa mfano ofisi inakata asilimia 15 yake, inayobaki inaenda theluthi kwa mgunduzi, theluthi kwa idara yake, theluthi kwa kitivo.

Na kuna waliopiga bao kweli. Stanford hao hao, na wenzao wa chuo kikuu cha California San Francisco, walikuwa na hataza ya kukata na kuunganisha vinasaba ya Stanley Cohen na Herbert Boyer, wakaipangisha kwa kampuni zaidi ya 400, mpaka inaisha muda mwaka 1997 imeingiza kama dola milioni 255. Alafu wakaja wanafunzi wawili na mtambo wao wa kutafuta vitu kwenye intaneti, ulikuwa unakaa kwenye mtandao wa chuo, kampuni za wakati ule zikapelekewa zikaona haina maana, wale vijana wakaamua kufungua ya kwao wakaiita Google. Chuo kikachukua hisa milioni 1.8, mwaka 2005 kikawa kimeshaziuza kwa dola milioni 336.

Ukisikia hivo unasema basi kipimo kipo, hesabu hela. Na hapo ndo watu wengi wanapotea, mpaka wakuu wa vyuo wenyewe.

Kwanza hizo ni bahati nasibu. Google hutokea moja, vyuo vingi hela ya leseni hairudishi hata mshahara wa wanaokaa kwenye ile ofisi na bili ya mawakili wa hataza. Ukipima chuo kwa mrabaha unapima kama kiliwahi kuokota almasi, hupimi kama kinajua kuchimba.

Pili, kuna vitu vikubwa ambavyo kwenye hicho kipimo ni sifuri kabisa. Mwaka 1975 mjini Cambridge, César Milstein na Georges Köhler walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja, zile askari za mwili, kwa wingi kadri unavyotaka. Maabara yao ilikuwa ya baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, sio ya chuo, lakini somo ni lile lile. Shirika la serikali lililokuwa na kazi ya kuangalia hataza likaona halioni matumizi ya karibu, ikapita hivo hivo bila hataza. Wakapata Nobeli mwaka 1984. Leo dawa kibao za saratani na za magonjwa ya viungo zimejengwa juu ya hiyo kazi, kwa mfano ile Herceptin ya saratani ya matiti, ni biashara ya mabilioni kila mwaka. Safu ya mrabaha: sifuri.

Tatu, na hii naipenda zaidi, elimu haitembei upande mmoja. Wisconsin, Februari 1933, theluji imefunga barabara, mkulima mmoja akaendesha gari maili karibu 200 mpaka chuo kikuu, ndani kabeba ng'ombe mmoja aliyekufa, majani makavu aliyokuwa analisha ng'ombe wake, na debe la maziwa limejaa damu. Sio maziwa, damu. Ng'ombe wake walikuwa wanavuja damu mpaka wanakufa na ile damu kwenye debe haikuwa inaganda. Siku ilikuwa Jumamosi, ofisi ya mifugo imefungwa, akagonga mlango uliokuwa wazi, ukawa wa mwanakemia Karl Paul Link. Huyu na vijana wake walihangaika na yale majani yaliyoharibika miaka kadhaa mpaka wakapata kinachozuia damu kuganda. Kutoka hapo ikaja sumu ya panya mwaka 1948, na miaka michache baadae ikawa dawa ya binadamu, warfarin. Zile herufi nne za mwanzo, WARF, ni kifupi cha jina la taasisi ya chuo hicho iliyoundwa mwaka 1925 kusimamia hataza. Wagonjwa wenye vali bandia za moyo hata huku kwetu wanaijua vizuri, si ndo ile ya kwenda kupimwa damu kila mara.

Sasa niambie, hapo nani alimpa nani elimu? Mkulima ndo alikuja na swali, na vielelezo, na mafuta ya gari alilipa mwenyewe. Kama ilivyokuwa kwa yule kocha wa Florida. Ndo maana Waingereza siku hizi neno la kuhamisha maarifa wanaliacha taratibu wanasema kubadilishana maarifa, nipe nikupe.

Na Waingereza ndo wamejitahidi kuliko wengi kutengeneza mizani. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wana dodoso la kila mwaka ambalo vyuo vinajaza: umefanya utafiti wa kulipwa na kampuni wa shilingi ngapi, ushauri, kukodisha mashine za maabara, kozi fupi kwa wafanyakazi, kampuni ngapi zimezaliwa chuoni na ngapi bado zinapumua baada ya miaka 3. Mpaka watu wangapi walihudhuria mihadhara ya bure. Kwa England, sehemu ya ruzuku inategemea hizo namba, na hela iliyotoka kwa biashara ndogo inahesabiwa mara mbili, maana bila hivo kila chuo kingekimbilia kwa wenye dawa na ndege, fundi wa makabati nani atamtazama.

Alafu Machi 2021 wakatoa kitu kinaitwa KEF, yaani mfumo wa kupima huko kubadilishana maarifa. Chuo kinatazamwa kwa pande 7: utafiti wa pamoja, kazi na biashara, kazi na serikali na mashirika ya jamii, ujuzi na ujasiriamali, maendeleo ya eneo lake, hataza na kampuni, na kushirikisha wananchi. Kizuri ni kwamba hawapangi nani wa kwanza nani wa mwisho, wanaweka vyuo kwenye makundi ya vinavyofanana, chuo cha sanaa hakilinganishwi na Oxford, na hela iliyoingia inapimwa kulingana na ukubwa wa chuo. Kisicho kizuri, kwa maoni yangu, ni upande wa wananchi, hapo chuo kinajipa maksi chenyewe kwa kujieleza. Mwanafunzi gani akisahihisha mtihani wake mwenyewe anafeli?

Ila kati ya vyote walivyonavyo mimi kinachonivutia ni mpango wa zamani kabisa, wa mwaka 1975, siku hizi unaitwa KTP, yaani ubia wa kuhamisha maarifa. Hauna mbwembwe. Kampuni ina tatizo, chuo kina mtaalamu, katikati anawekwa kijana aliyemaliza digrii, mwajiri wake kwenye karatasi ni chuo lakini kila siku anaamkia kiwandani, mwaka 1 mpaka 3, na mwalimu wake anafika pale kama nusu siku kwa wiki. Kampuni ndogo inachangia kama theluthi ya gharama, inayobaki ni ruzuku. Mwisho wanaangalia faida iliongezeka kiasi gani, na kama yule kijana ameajiriwa pale pale, na mara nyingi anaajiriwa. Yaani elimu imebebwa kwa miguu ya mtu imeingia mlangoni ikakaa.

Huku kwetu mifano ipo. Makerere mwaka 2011 walitembeza gari lao la umeme, Kiira EV, likiwa ni kazi ya wanafunzi na walimu wao, na hadithi ikaendelea mpaka ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors inayounda mabasi ya umeme, serikali ya Uganda ndo mwenye hisa nyingi na chuo kina kipande kidogo. Ukiangalia kile kipande tu utasema Makerere hawakupata kitu, wakati mainjinia wa pale wametokea wapi?

Lakini daraja kubwa kuliko yote tulilonalo ni field, au attachment kama wanavyoita Kenya. Kila mwaka vijana maelfu wanamwagwa kwenye viwanda, benki, halmashauri na gereji kwa wiki kadhaa. Wengine wanapangwa kwenye mashine ya photocopy na kuchemsha chai, wengine wanakuta bosi anayewauliza mambo na wanamtengenezea excel ya stoo inayotumika mpaka leo. Na sisi kipimo tunacho, logbook. Ina tarehe, ina kazi za wiki, ina sehemu ya msimamizi kusaini na kugonga muhuri, mwalimu wa chuo anapita mara moja anaangalia kama kurasa zimejaa. Nimeipekua ya mdogo wangu mwanzo mpaka mwisho nikitafuta sehemu ambayo kampuni inaandika yenyewe imejifunza nini kutoka kwa yule kijana. Haipo.