Mbegu Zinakimbia, Lakini Bado Haziko Tayari

"Mbegu za bwana zinakimbia, basi tatizo liko kwa mke." Hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, neno hili halikomi, kisha huagizwa supu ya pweza. Supu ni chakula kizuri. Kosa liko kwenye hilo "zinakimbia".

Mbegu iliyotoka sasa hivi haiwezi kurutubisha yai, hata iogelee vipi. Watafiti Chang na Austin walilionyesha hilo mwaka 1951, kila mmoja kivyake: sharti kwanza ikae saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke. Hapo ndipo kinasi hufanya kazi, vile vimeng'enya vinavyochukua fosfeti kutoka kwa ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini. Jeni za mbegu zimefungwa, protini mpya haiundi. Inabidi izigeuze zile ilizo nazo.

Bikaboneti ikiingia, cAMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, hupanda na PKA, mojawapo ya kinasi hizo, huamka ndani ya dakika chache. Albumini, aina ya protini, huondoa kolesteroli kwenye utando, na hiyo ndiyo inayokula saa. Kalsiamu hupita mlango wa CatSper, na mkia uliokuwa ukipiga kwa utaratibu huanza kuchapa kama mjeledi. Bila kuchapa huko mbegu haipenyi ganda la yai.

Maabara huivisha mbegu ndani ya kiowevu chenye bikaboneti ya milimola 25 kwa lita, joto la nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Kiowevu kikisahauliwa wazi mezani, gesi hutoroka, pH hupanda, na wekundu wake huelekea zambarau: kimwageni. Kikikosa bikaboneti kabisa, mbegu huogelea tu mbele ya macho yako, na yai haziliingii.

Sasa lile linaloniudhi kwetu wataalamu. Tumezoea kuona fosfeti kwenye tirosini, moja ya asidi amino zinazounda protini, na kusema mbegu imeiva. PKA haigusi tirosini; hubandika kwenye serini na threonini. Kwa panya, mwenye kazi hiyo ni kinasi nyingine, FER, ilithibitishwa mwaka 2016, na madume ambao FER yao haifanyi kazi bado huzalisha. Alama hiyo siiamini tena kama cheti.

Karatasi ya majibu ya kipimo cha mbegu ina idadi, mwendo na umbo. Milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 zinazotikisika: hiyo ni mipaka ya chini ya WHO ya mwaka 2021. Mstari wa PKA haumo. Mwaka ukipita bila mimba, nendeni wote wawili; msimtume mke peke yake.