Kosa la Bei Rafuni: Haki ya Mnunuzi Huishia Wapi?

Swali hili lililetwa darasani na mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Maweni anayefanya kazi ya keshia mwisho wa wiki. Mimi nafundisha maadili ya biashara hapa Malindi, na wengi katika wanafunzi wangu ndio hao mnaowakuta kwenye kaunta na kwenye ghala za supamaketi zetu.

"Mwalimu," alisema, "kazini kwetu kuna tangazo ukutani: ukilipishwa zaidi ya bei iliyo rafuni, kitu hicho unapewa bure. Sasa yuko mteja, mtu mzima wa heshima zake, huja jioni tukiwa na foleni. Hupita rafu kwa rafu akisoma lebo. Akiona lebo iliyopitwa na wakati huchukua kimoja, hulipa, hudai, hurudishiwa pesa. Baada ya nusu saa huja mwanawe kwa kaunta nyingine na kitu kile kile. Kisha mpwawe. Huyu ni mwizi au ni mjanja?"

Darasa liligawanyika papo hapo. Wengine walisema duka ni tajiri na ahadi limeitoa lenyewe, hakuna aliyelishika mkono. Wengine walisema ni haramu na hapana la kujadili. Nilijaribu kujibu siku ile na jibu langu halikuniridhisha, kwa hiyo nimelirudia hapa, mbele ya watu wote wanaobeba kikapu.

Tuanze na jinsi kosa linavyozaliwa, maana wengi hudhani kila lebo mbaya ni mtego. Katika duka la mtaani bei iko mdomoni mwa mwenye duka. Unamuuliza, anakwambia, mnapatana, na akikosea mnarekebishana mkiwa mnatazamana. Katika supamaketi bei moja hukaa mahali pawili: kwenye karatasi iliyochomekwa rafuni, na kwenye kompyuta ambayo mashine ya kaunta huiuliza kila inaposoma ile mistari myeusi ya pakiti. Mistari hiyo ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, juu ya pakiti ya chingamu. Kabla ya hapo keshia alisoma kibandiko kilichokuwa juu ya bidhaa, kile kile alichokisoma mnunuzi. Mashine zilipoenea, mnunuzi na keshia wakaacha kusoma kitu kimoja, na fitina yote tunayoizungumza hapa imetokana na hilo.

Bei ya kompyuta hubadilishwa kwa dakika moja, mara nyingi na mtu aliye mbali ambaye hajawahi kuiona rafu yenyewe. Lebo hubadilishwa kwa mkono, moja moja, na kijana mwenye bunda la karatasi na orodha ndefu. Ofa ikiisha usiku wa Jumapili, kompyuta haisahau. Karatasi ndiyo inayosahaulika. Na bei ya unga au mafuta ikipanda mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kijana yule anakuwa anafukuza upepo.

Kisheria, lebo ya rafuni si mkataba. Mahakama ya Uingereza ilieleza hivyo mwaka 1953 katika kesi ya chama cha wafamasia dhidi ya kampuni ya maduka ya dawa ya Boots: bidhaa iliyopangwa rafuni ni mwaliko tu, mnunuzi ndiye anayeomba kununua akifika kaunta, na muuzaji ana hiari ya kukubali au kukataa. Sheria ya mikataba ya Kenya imejengwa juu ya msingi huo huo. Basi keshia akikwambia kabla hujalipa kwamba bei imepanda, huwezi kumlazimisha akuuzie kwa bei ya lebo. Unaweza kukiacha kitu na kwenda zako.

Hilo halimpi mwenye duka ruhusa ya kupotosha watu. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji, kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei. Ukilipishwa zaidi ya ulivyoonyeshwa, kudai tofauti yako ni haki, wala usione haya hata kama ni shilingi tano. Nimeona watu wazima wakiacha pesa zao kaunta kwa kuogopa kuonekana wachoyo. Shilingi tano yako ni yako.

Lakini kupewa kitu bure ni jambo jingine. Hilo ni ahadi ya duka lenyewe, zaidi ya deni lake. Kanada, tangu mwaka 2002, wauzaji wengi wamejiunga kwa hiari na kanuni ya usahihi wa bei: mashine ikisoma bei ya juu kuliko ya rafuni, unapewa bidhaa bure ikiwa bei yake haizidi dola 10, na ikizidi unapunguziwa dola 10. Ukiwa umechukua kadhaa za aina moja, ya kwanza ndiyo ya bure na zilizobaki unauziwa kwa bei sahihi. Jimbo la Michigan, Marekani, limekwenda mbali zaidi na kuliweka jambo hili katika sheria. Mnunuzi aliyezidishiwa bei hurudishiwa tofauti pamoja na zawadi ya mara kumi ya tofauti hiyo, isiyopungua dola 1 wala kuzidi dola 5. Ana siku 30 za kulijulisha duka, na duka lina siku 2 za kumlipa. Huko pia, ukinunua kadhaa za aina moja kwa pamoja, zawadi ni ya kimoja tu.

Nimezieleza kanuni hizi mbili kwa urefu kwa sababu zilinibadilisha mawazo. Zamani niliwaambia wanafunzi kwamba anayenunua kitu huku akijua lebo yake imekosea, kwa shabaha ya kudai, ni mdanganyifu na basi. Sisemi hivyo tena. Kwa ninavyoielewa mimi, walioandika sheria ya Michigan walijua kwamba serikali haiwezi kuweka mkaguzi katika kila duka, wakaamua kumfanya kila mnunuzi kuwa mkaguzi na kumwekea ujira. Katika mpango kama huo, mtu anayesoma lebo kwa makini ndiye aliyekuwa akitafutwa. Kujua mapema kwamba lebo imekosea hakumfanyi mwovu, na tamaa ya kupata cha bure haimfanyi mwovu. Nani hapendi cha bure?

Kwa hiyo yule mteja aliyesimuliwa na mwanafunzi wangu simhukumu kwa kile kitu cha kwanza. Namhukumu kwa cha pili.

Ujira ule ni wa kazi gani? Ni wa kulifichua kosa ili lifutwe. Duka linasema: nimekukosea, nawe umenionyesha, chukua hiki, nami nitaondoa lebo hii asikosewe mwingine. Huyu bwana alipokea ujira kisha akaitupa kazi. Keshia alimlipa, akaandika kwenye daftari, akarudi kwenye foleni. Mwenye kubadilisha lebo alikuwa ghalani. Katika mwanya huo ndipo alipomtuma mwanawe. Tangu dakika ile kosa limegeuka shamba lake, na mwenye shamba hataki aje mtu kung'oa mmea. Ndiyo maana naupima mwenendo wa mnunuzi kwa swali moja: unataka kosa hili lifutwe, au unataka libaki?

Swali hilo linatatua mengi yaliyowagonganisha wanafunzi wangu. Anayeita mfanyakazi na kumwonyesha lebo, hata kama ameshachukua chake, anataka lifutwe. Anayenunua sita kwa risiti sita ili kila risiti idai peke yake anataka libaki. Anayeisogeza lebo ya pakiti ndogo akaiweka chini ya pakiti kubwa amevuka mpaka wote. Hapo hapana kosa la duka tena, pana uongo wa mtu na jina lake ni wizi. Na anayetuma watoto? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kijana wa miaka kumi na mitatu aliyefundishwa kusimama mbele ya keshia na kujifanya ameshtuka kwa risiti hataufanyia supamaketi peke yake ufundi huo. Siku moja ataufanyia nyumba yake.

Waislamu wa mji huu wanaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, na wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa. Tumezoea kumsomea muuzaji: asifiche ubovu wa embe chini ya tenga, asiwalowanishe kamba wa baharini ili wazidi mizani. Lakini hadithi imewataja wawili. Mnunuzi naye ana la kubainisha. Na asiyekuwa Mwislamu hahitaji kufasiriwa hapa, maana hata sokoni kwenye samaki, mbele ya watu wa dini zote, anayejulikana kwa kuficha huuziwa kwa macho makali.

Wanaolitetea jambo hili huniambia duka kubwa haliumii. Tuseme ni kweli, lita moja ya mafuta si kitu kwake. Ila tumtazame aliye nyuma yako kwenye foleni. Lebo uliyoinyamazia itamdanganya na yeye, naye hana habari ya tangazo la ukutani, au hajui kusoma risiti, au anaona haya. Yeye ndiye atakayelipa zaidi ya alivyokusudia, mara ngapi sijui, mpaka mtu mwingine aseme. Wewe umepata mafuta ya bure mara tatu kwa sharti kwamba watu wengine waendelee kuzidishiwa. Hilo ndilo linalonikera kuliko hasara yote ya mwenye duka.

Yuko na mwingine anayeumia, na huyu nawajua wengi wake kwa majina. Ni keshia. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi aliyekabidhiwa fedha hizo. Kurudisha pesa kwa utaratibu wa duka si uzembe, na mwajiri anayemkata keshia kwa hilo amedhulumu. Lakini madai yakirundikana jioni moja, ya bidhaa ile ile kwenye kaunta mbili tatu, maswali huanzia kwa binti aliyekaa kitini: umeshirikiana na nani? Mwanafunzi wangu aliulizwa hivyo. Hakukatwa pesa, ila alilala akilia.

Wenye maduka nao wasijifiche nyuma ya mteja mwerevu. Deni la kwanza ni lao. Ukibandika ahadi ukutani, keshia wako aijue na mamlaka ya kuitimiza awe nayo, mteja asizungushwe kwa meneja aliyetoka. Andika masharti kwa Kiswahili kinachosomeka: cha bure ni kimoja kwa kila bidhaa, vingine kwa bei ya lebo. Na lebo iondolewe wakati ule ule dai linapolipwa, hata ikibidi foleni ingoje dakika mbili, kwa sababu lebo iliyoachwa baada ya dai haiwezi kuitwa kusahau. Duka linalopandisha bei kwenye kompyuta na kuiacha karatasi ya zamani kwa kutegemea kwamba wengi hawaangalii linafanya kosa lile lile la yule mteja wa foleni ya jioni, kwa kipimo kikubwa zaidi: nalo linataka kosa libaki.

Mizani ikiinamia upande wako, je? Keshia amekurudishia chenji ya elfu badala ya mia tano, au mashine imesoma pakiti moja ulipochukua mbili. Hapa hapana ahadi wala zawadi ya kuzungumzia. Sema na urudishe. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wenzao, na mtu anayedai shilingi tano yake kwa sauti kisha akatoka na mia tano ya keshia kimya kimya ana mizani mbili mfuko mmoja.

Yaliyobaki ni mazoea tu. Soma lebo vizuri kabla ya kulaumu, maana mara nyingine bei uliyoiona ni ya pakiti jirani iliyosukumwa. Isome risiti kabla hujatoka mlangoni. Ukiona kosa, piga picha ya lebo kwa simu, nenda kwenye dawati la wateja au kwa keshia, useme kwa upole. Uchukue unachostahili. Kisha omba mtu aende nawe mpaka rafuni.

Mimi mwenyewe yalinifika siku chache kabla ya Ramadhani. Nilinunua mafuta ya kupikia ya lita mbili katika duka moja hapa mjini, lebo ikisema 620, risiti ikatoka na 690. Nilirudi, nikalipwa shilingi 70 yangu, kwa kuwa duka lile halina ahadi ya bure. Nikamwomba kijana twende pamoja. Alipofika aliing'oa karatasi, akachomeka mpya ya 690, akaondoka mbio kwa kazi nyingine.

Mama mmoja wa buibui, na mtoto mgongoni, alikuwa amesimama pale pale na chupa kama yangu mkononi. Aliitazama lebo mpya. Alifungua fundo la leso akahesabu, akairudisha chupa mahali pake, akachukua ya lita moja.